Mkata miti wa Lubumbashi anastahili pete ya kweli

Mwezi wa kumi ukifika, miti ya jakaranda huchanua Lubumbashi na barabara za katikati ya mji hugeuka zambarau. Ndizo wiki ambazo wenye lupango huanza kuinua macho. Tawi lililowapa kivuli tangu mwanzo wa kiangazi sasa linaonekana limelala juu ya mabati, au limekaribia waya wa umeme, na kila mkaaji wa mji huu anajua kwamba mvua za kwanza huja na upepo. Basi anatafutwa mkata miti.

Kwa kawaida ni kijana anayejulikana kwenye kartie. Anakuja na panga, msumeno, kamba ya nailoni, na siku hizi pengine na tronsonezi ya kukodi. Mazungumzo ya langoni ni mafupi: bei gani, atamaliza saa ngapi, na kuni zitakuwa za nani. Hilo la kuni ndilo linalochukua muda mrefu, maana kwa bei ya makala ilivyo hakuna anayekubali gogo litoke bure. Kisha kijana anavua viatu au anabaki na kandambili, anapanda. Kiunoni, kama ana bahati, kuna mkanda, na kwenye mkanda kuna pete ya chuma inayofunguka na kujifunga kwa springi. Mafundi huiita musketoni. Wenye lupango wachache sana humwuliza ameitoa wapi.

Swali hilo linapaswa kuulizwa kabla ya bei. Mkata miti akishafika mita 10 juu, mikono yote miwili ikiwa imeshika mashine, hajishikilii tena na kitu chochote. Anashikiliwa na kamba, mkanda, tawi alilolichagua, na pete hiyo inayoviunganisha.

La kushangaza ni kwamba jambo hili linapuuzwa katika mji kama huu. Lubumbashi ni mji wa migodi. Maelfu ya wakaaji wake wanatoka asubuhi wakiwa wamevaa kofia ngumu na bote, na wengi wao wamefundishwa kwamba mtu hapandi juu ya kiwanda, tangi au jengo bila kufungwa mkanda uliokaguliwa. Kazini fundi anayesahau kujifunga hurudishwa chini. Lakini siku ya mapumziko fundi yuleyule, akiwa kwake Kampemba au Katuba, anasimama chini ya mwembe akimtazama kijana aliyefunga kiuno kwa kamba ya kufungia mizigo, na haoni ajabu. Kana kwamba uzito wa mtu hupungua anapotoka mgodini na kuingia lupangoni.

Musketoni si kifaa kigeni wala cha jana. Inasimuliwa kwamba Otto Herzog, mpanda milima wa München, aliiona kwenye mikanda ya wazima moto karibu na mwaka 1910, akaipeleka milimani. Huo ndio mwaka ambao Lubumbashi, wakati huo Elisabethville, ilianza kujengwa. Pete na mji vina umri mmoja. Tangu hapo pete imebadilika sana, na sehemu kubwa ya mabadiliko hayo ilikuja baada ya watu kuanguka.

Pete ya kweli husema yenyewe nguvu zake. Kwenye mwili wake kuna namba zilizochongwa, zikifuatiwa na herufi kN, yaani kilonewtoni. Kilonewtoni 1 ni karibu sawa na uzito wa kilo 100 zinazoning'inia. Mshale wa kwanza unaonyesha nguvu ya pete ikivutwa kwa urefu wake huku mlango umefungwa: mara nyingi namba ni 22, 25 au zaidi. Mshale wa pili unaonyesha nguvu yake ikivutwa kwa upana: hapo namba huanguka hadi 7, 8 au 10. Alama ya tatu inaonyesha nguvu yake mlango ukiwa wazi, nayo pia huwa karibu na 7 au 8. Yaani chuma kilekile, kwa mtu yuleyule, kinaweza kupoteza theluthi mbili ya nguvu zake kwa sababu tu kimegeuka ubavu au mlango wake haukufunga.

Fundi anaweza kujibu kwamba hata hiyo 7 inatosha, kwa kuwa yeye ana kilo 70 tu. Ni kweli akiwa ametulia. Mtu wa kilo 70 akining'inia bila kutikisika anavuta chini ya kilonewtoni 1. Lakini mkata miti hutikisika. Tawi likikatika na kumpiga, mguu ukiteleza kwenye gome lenye maji, akishuka ghafla hata mita 1 kabla kamba isiyonyumbuka haijamshika, nguvu inayofika kwenye pete huwa mara kadhaa ya uzito wake. Kanuni za Ulaya zinataka kifaa cha kupunguza mshtuko wa kuanguka kisiruhusu zaidi ya kilonewtoni 6 kumfikia mtu. Kati ya 6 na 7 hakuna nafasi ya kuchezea, hasa kama pete yenyewe imeshachakaa.

Kwenye mti pete hugeuka ubavu kirahisi kuliko mahali pengine. Anayesafisha vioo vya ghorofa anashuka kwenye ukuta laini. Mkata miti anazunguka shina, anajikunja, anaegemea, anavuta kamba huku na huku, na kila mara pete inasuguana na gome na vijiti. Akilegeza kamba ili asogee, pete inazunguka. Akiikaza tena, uzito unakuja ikiwa imelala ubavu. Au inabanwa kwenye kona ya tawi nene na kupindwa kama ufunguo uliokwama kitasani. Au kijiti kinasukuma mlango wake kwa ndani. Pete yenye mlango wa kawaida, usio na kufuli, haiulizi ni nani amesukuma. Inafunguka.

Ile yenye kufuli ya kukaza kwa mkono, kama kifuniko cha chupa, ni afadhali, ila nayo ina ugonjwa wake. Mtetemo wa tronsonezi na kamba inayopita juu yake huizungusha polepole. Fundi aliyeikaza saa mbili asubuhi anaweza kuikuta imelegea saa nne, bila mtu kuigusa. Ndiyo maana Marekani, kwenye kanuni ya kazi za miti iitwayo ANSI Z133, pete anayofungwa nayo mpandaji inatakiwa ijifunge na kujikaza yenyewe, na isifunguke mpaka mkono ufanye vitendo viwili au zaidi vya makusudi, kimoja baada ya kingine. Tena lazima ihimili paundi 5,000, ambazo ni kilonewtoni 22 na kidogo. Kijiti kinaweza kusukuma. Hakiwezi kuvuta, kuzungusha, kisha kusukuma.

Nusu ya usalama wa pete hiyo imo katika usafi wake. Mwembe una utomvu, na kiangazi cha Lubumbashi kina lile vumbi jekundu linaloingia mpaka ndani ya kabati lililofungwa. Utomvu na vumbi vikikutana kwenye springi, kufuli inasita: mlango unaonekana umefunga, lakini kipande cha mwisho hakikurudi mahali pake. Fundi mzoefu hategemei jicho wala mlio. Anaufinya mlango kwa kidole kila anapojifunga upya, hata kama ni mara 40 kwa siku. Jioni anaiosha pete kwa maji ya uvuguvugu, anaikausha, anaweka tone la mafuta kwenye springi. Kazi ya dakika 5.

Kuna pia kuchakaa. Pete nyingi nyepesi ni za alumini. Zikifungwa kila siku kwenye waya au kamba yenye kiini cha chuma, chuma huichonga alumini mpaka mfereji unatokea. Mfereji huo huipunguzia pete unene, tena kingo zake hukwaruza kamba na kuila nyuzi. Watengenezaji wengi wanaagiza pete iachwe kovu likifika milimita 1. Ni unene wa ukucha. Chuma kwa chuma, alumini kwa kamba: fundi anayeshika hilo peke yake ameshajiongezea miaka.

Anayedhani kwamba kuchakaa ni jambo la maskini amkumbuke Todd Skinner. Alikuwa mmoja wa wapanda miamba mashuhuri wa Marekani, mtu asiyekosa ujuzi wala vifaa. Tarehe 23/10/2006, akishuka kwenye mwamba wa Leaning Tower huko Yosemite, kitanzi cha mbele cha mkanda wake kilikatika, akaanguka na kufa. Kitanzi kilikuwa kimechakaa. Mwenzake alikuwa ameliona hilo na kumwambia siku chache kabla, na mkanda mpya ulikuwa umeshaagizwa. Musketoni haikumwangusha. Kilichomwangusha kilikuwa sentimita chache za kitambaa ambazo zilijulikana kuwa mbovu, na ambazo zilitumika siku moja zaidi.

Hiyo siku moja zaidi ndiyo inayojulikana sana Lubumbashi. "Nitabadilisha nikimaliza kazi hii."

Ubaya mwingine unaanzia sokoni. Kuna pete za kufungia funguo, za rangi nzuri, zenye umbo lilelile la musketoni. Nyingine zimeandikwa kabisa, kwa Kiingereza, kwamba hazifai kupandia. Maandishi ambayo mnunuzi wa Ruashi, aliyesoma kwa Kifaransa, hana sababu ya kuyaelewa. Kuna ndoano za kukazia mizigo ya lori, nene na za kutisha, ambazo mtu huziamini kwa sababu ya unene, ingawa mlango wake ni kipande cha bati kisicho na kufuli. Kuna viungo vya mnyororo. Na kuna mkanda wa mitumba. Ikiwa mgodi au kampuni imeutupa mkanda kwa sababu muda wake umekwisha, kuuzwa hakuurudishii ujana: jua na kemikali huua nyuzi bila kubadilisha rangi sana, na watengenezaji wengi huweka mwisho wa miaka 10 kwa vifaa vya kitambaa hata kama havikutumika.

Pete iliyotengenezwa kumshikilia mtu ina jina la mtengenezaji, namba yake ya pekee, zile kN za pande tatu, na kwa zile za Ulaya alama CE ikifuatiwa na tarakimu 4, pamoja na kanuni EN 362 au EN 12275. Alama zinaweza kuigizwa, ni kweli. Lakini pete isiyo na alama hata moja imeshajibu swali.

Wapo watakaosema kwamba wazee walipanda miti ya miombo kufuata asali bila pete yoyote. Walipanda, na wengine walianguka. Tena hawakubeba mashine inayozunguka mnyororo wenye meno karibu na kamba yao wenyewe, wala hawakukata tawi la kilo 200 juu ya paa la jirani. Kamba ya nailoni hukatwa na tronsonezi kwa kufumba na kufumbua. Ndiyo sababu wanaofanya kazi hii kwa utaratibu hujifunga mara mbili kabla ya kuwasha mashine, na kamba moja kati ya hizo huwa na kiini cha chuma. Hapo napo pana mtego: kamba yenye chuma karibu na waya za umeme hugeuka njia ya umeme. Tawi lililogusa waya ni kazi ya SNEL, kwanza kuzima, ndipo mtu apande.

Na pete bora kuliko zote haimwokoi aliyejifunga kwenye tawi bovu. Wakaaji wa mji huu wanaishi kati ya vichuguu. Wanajua kwamba mchwa hula moyo wa mti na kuacha ngozi. Mti unasimama, unachanua hata, na ndani ni unga. Kugonga shina kwa nyuma ya shoka na kusikiliza hakugharimu kitu.

Gharama ndiyo hoja nzito. Musketoni ya kujikaza yenyewe inauzwa ng'ambo kwa kiasi cha dola 20 hadi 40, na mkata miti anahitaji zaidi ya moja, pamoja na mkanda na kamba. Kwa kijana anayelipwa kwa tawi, hizo ni kazi za wiki nyingi. Akipandisha bei ili anunue vifaa, mwenye lupango anamwita mwingine anayepanda kwa kandambili. Hivyo soko linamwadhibu anayejilinda. Haitoshi kumhubiria kijana kuhusu usalama huku akipewa bei inayouzuia.

Hapa mwenye lupango hawezi kujificha. Kanuni ya Kazi ya tarehe 16/10/2002 inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa wafanyakazi, na sheria namba 16/009 ya tarehe 15/7/2016 kuhusu usalama wa jamii inashughulikia pia ajali za kazini. Lakini CNSS humlipa aliyeandikishwa. Kijana aliyeitwa langoni kwa kazi ya saa tatu hana mkataba wala namba. Akivunjika mgongo, bili ya hospitali inaangukia mama yake na michango ya kanisani. Wengi wanafikiri kwamba basi sheria imeishia hapo. Haikuishia. Kitabu cha tatu cha Kanuni ya Raia, kilichopo tangu mwaka 1888, katika kifungu cha 258 kinamlazimisha kila mtu kurekebisha hasara aliyomletea mwingine kwa kosa lake, na kifungu cha 259 kinaongeza uzembe na kutojali. Kumpandisha mtu juu ya paa lako ukiona wazi kwamba amefungwa na pete ya funguo, hakimu anaweza kukuita kutojali.

Shule, parokia, hoteli na ofisi zina udhuru mdogo zaidi. Wao wana bajeti, wana miti mikubwa, na kila mwaka wanalipa ipunguzwe. Waandike kwenye karatasi ya kazi kwamba atakayepanda ataonyesha vifaa vyake kabla ya kupanda, na bei ya vifaa hivyo ihesabiwe ndani ya malipo. Meya na wakubwa wa komine, wanapotoa kazi ya miti ya barabarani, waanze na masharti hayo hayo. Inspeksheni ya kazi haiwezi kuzunguka kila lupango, ila inaweza kusimama chini ya jakaranda ya avenyu kubwa, hadharani, na kuomba kuona pete.

Wakata miti wenyewe wana chombo ambacho Kongo nzima inakijua: likelemba. Watu 6 wakichanga kila wiki wanaweza kununua seti moja kamili, kisha ya pili. Vifaa vya pamoja vina hatari yake, kwa sababu kila mmoja hudhani mwenzake ameshakagua. Basi kuwe na daftari la shule, la mistari: namba ya pete, nani aliitumia, tarehe gani, ilianguka au haikuanguka, nani aliiosha. Iliyotiliwa shaka ivunjwe kwa nyundo, isije ikaokotwa na mtoto na kuuzwa tena.

Seti ya pili ina sababu. Mtu aliyezimia akining'inia kwenye mkanda hawezi kusubiri. Damu hubaki miguuni, na ndani ya dakika chache hali yake inaweza kuwa mbaya hata kama hakuna mfupa uliovunjika. Wazima moto hawatafika Annexe kwa dakika hizo. Anayeweza kumfikia ni mwenzake aliyesimama chini akiwa ameshavaa mkanda wake na pete yake, kamba ya kupandia ikiwa tayari mtini. Kwa hiyo mkata miti anayekuja peke yake, hata awe na vifaa vizuri namna gani, arudi akamlete mwenzake, na mwenye lupango alipe watu wawili.